Kasongo, mji uliohesabu watoto wake

Tarehe 4 Aprili 2026 ilitimia miaka 45 tangu jina la Kasongo lisomwe na madaktari wa dunia nzima. Siku hiyo mwaka 1981, jarida la tiba la The Lancet la London lilichapisha makala ya kurasa nne kuhusu surua na watoto wa mji huu wa kusini mwa mkoa wa Maniema, Kongo. Makala haikubeba jina la bingwa yeyote. Walioiandika walijiita Timu ya Mradi wa Kasongo, basi. Kurasa hizo nne zilizusha ubishi uliofika Geneva, New York na Copenhagen.

Imenibidi niirudie makala hiyo kwa sababu ya swali ambalo korona ilituachia na ambalo wazazi na walimu bado wanaliuliza: vijana wetu wa miaka 10 hadi 19 waliambukizwa kwa kiasi gani? Kinshasa wana jibu la kiasi fulani. Kenya nao wanalo. Sisi wa Kasongo na Kabambare tunajibiwa kwa hesabu za miji ya watu wengine. Hilo linauma, kwa sababu miaka 45 iliyopita miji ya watu wengine ndiyo iliyojibiwa kwa hesabu za Kasongo.

Maradhi ya kuambukiza yanaijua nchi hii tangu zamani. Njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikapita Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe, ilipitisha pembe za ndovu na watumwa, ikapitisha na vijidudu. David Livingstone, aliyekwama Kabambare mwaka 1870 akiuguza vidonda vya miguu, aliandika habari za kipindupindu kilichokuwa kimetoka pwani na kuingia Maniema. Mwaka 1893, majeshi ya kamanda Mbelgiji Dhanis yalipomtoa Sefu, mwana wa Tippu Tip, katika mji wa Kasongo tarehe 22 Aprili, ndui ilikuwa ikiandamana na wapiganaji. Wabelgiji wakaja na kampeni zao za malale na chanjo. Mgonjwa wa mwisho wa ndui nchini aliandikwa mwaka 1971. Hayo yamo katika vitabu vingi. Yaliyofuata Kasongo ndiyo yasiyofundishwa shuleni, hata hapahapa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, iliichagua Kasongo iwe mahali pa kujaribu jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida. Maprofesa wawili, Harrie Van Balen na Pierre Mercenier, waliamini kwamba hospitali peke yake haiwezi kuilinda afya ya wilaya nzima. Walitaka vituo vya afya vya kudumu, kila kimoja kikiwa na watu wake kinaowajua, na kila familia ikiwa na faili lake. Hospitali ingebaki nyuma ya vituo hivyo, ipokee yale yanayovishinda. Upande wa Wakongo alikuwapo Dakta Pangu Kaza Asila, ambaye mwaka 1988 aliandika tasnifu nzima kuhusu namna vituo vya Kasongo vilivyopangwa na kujengwa, akidai kwamba afya kwa wote inawezekana. Alitetea kazi aliyoifanya kwa mikono yake.

Ukisoma ripoti za mradi, kinachokushika ni subira ya watu wale. Watoto wa mjini waliandikwa na kufuatwa miaka kwa miaka. Walipimwa uzito, kimo na unene wa mkono, na aliyekufa aliandikwa amekufa lini na akiwa na umri gani. Wajawazito nao waliandikwa. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba kati ya wanawake waliopata uchungu wa kukwama, 71% hawakuwamo katika orodha ya waliodhaniwa kuwa hatarini. Takwimu hiyo ilikuja kunukuliwa duniani kote kila ilipojadiliwa kwamba kila mjamzito anahitaji kuwa karibu na hospitali inayoweza kumsaidia, na kwamba kuwachagua wachache mapema hakutoshi.

Kisha ikaja surua. Chanjo ilikuwa imefika, na timu ikawalinganisha watoto waliochanjwa na wasiochanjwa, kuanzia miezi 7 hadi miezi 35, umri ambao surua ilikuwa inaua zaidi. Waliona kwamba waliochanjwa walikufa wachache zaidi katika umri huo. Lakini waliandika pia jambo la pili: kadiri watoto walivyokua, tofauti ile ilipungua, na waliochanjwa wakaelekea kukaribiana na wenzao. Mtoto aliyenusurika surua, walisema kwa maneno mengine, anaweza kuchukuliwa baadaye na kuhara, na malaria, au na njaa. Kwa hiyo chanjo moja iliyoletwa peke yake, bila kituo cha afya kinachomjua mtoto huyo, isitarajiwe kuleta yote inayoahidi.

Ili kuelewa kwa nini maneno hayo yalichoma, lazima ukumbuke mwaka wenyewe. Septemba 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata na kuahidi afya ya msingi kwa wote, mfumo mzima. Mwaka mmoja tu baadaye, Novemba 1979, Wamarekani wawili, Julia Walsh na Kenneth Warren, waliandika katika New England Journal of Medicine kwamba ahadi hiyo ni ghali mno. Afadhali, walisema, kuchagua maradhi machache yanayoua sana na yenye dawa ya bei nafuu, surua ikiwa miongoni mwake. Warren alikuwa mtu wa Rockefeller Foundation, na fedha zilikuwa upande huo. Muda si mrefu UNICEF chini ya James Grant ikashika mwelekeo uleule, ikitangaza vitu vichache vya kuokoa watoto.

Katikati ya hayo, mji usio na umeme wa uhakika, ulio zaidi ya kilomita 200 za barabara mbovu kutoka Kindu, unatoa takwimu zinazosema: subirini kwanza. Watu wa Antwerp walizishika takwimu hizo kama ngao. Mwaka 1985 waliitisha mkutano mjini kwao, wakapinga waziwazi afya ya kuchaguachagua, na Kasongo ilikuwa ushahidi wao mkubwa. Nami nakiri nikisoma hoja zao naona fahari, kwa kuwa ushahidi ule ulitoka katika nyumba za watu wetu.

Aliyewajibu kwa nguvu zaidi alitoka mji mwingine wa Afrika. Peter Aaby, mwanaanthropolojia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Bissau tangu mwaka 1978, aliandika kwenye Lancet mwaka uleule wa 1981 kwamba uzoefu wake ni kinyume. Alikuwa ameona surua ikiua watoto kwa wingi, na aliona waliochanjwa wakiendelea kuishi. Hakuacha hapo. Mwaka 1995, katika British Medical Journal, alizirudia tafiti za nchi mbalimbali, ya Kasongo ikiwamo, akaonyesha kwamba chanjo ya surua ilipunguza vifo kwa kati ya 30% na 86%, kiasi kikubwa kuliko surua yenyewe ilivyoweza kueleza. Dai lake, kwamba chanjo hiyo huimarisha kinga ya mtoto dhidi ya maradhi mengine pia, lilichukuliwa kwa mashaka kwa miaka mingi, hadi Shirika la Afya Duniani lenyewe likaagiza lichunguzwe.

Kuhusu chanjo ya surua, Aaby alikuwa sahihi, na ni vizuri wazazi wa Kasongo walisikie hilo bila kuzungushwa: mchanje mtoto. Kuhusu mfumo, Kasongo ilikuwa sahihi. Ushahidi tuliulipia wenyewe. Mwaka 2019 surua ililipuka Kongo, na mwanzoni mwa Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa waliodhaniwa 310,000 na vifo zaidi ya 6,000, wengi wao watoto. Chanjo ilikuwapo duniani kwa zaidi ya nusu karne. Kilichokosekana kilikuwa kituo kinachomjua mtoto kwa jina na kujua kwamba hajachanjwa. Mlipuko ule uliua watu wengi kuliko Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, ambayo ndiyo iliyopata kamera.

Miaka iliyofuata mradi nitaipita haraka. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, iliuchukua mfano wa Kasongo, pamoja na mifano ya Bwamanda, Vanga na kwingineko, ikaigawa nchi katika zoni za afya 306. Leo ni 519. Mwaka 1990 ushirikiano na Ubelgiji ulivunjika. Kisha vita vya 1996 na vya 1998 vikapita juu ya Maniema. Mwaka 2017 virusi vya polio vilivyotokana na chanjo vilipatikana Maniema, dalili kwamba watoto wengi walikuwa wameachwa bila kinga ya kutosha.

Ndipo korona ikaingia. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, na siku nane baadaye Rais Tshisekedi akafunga shule. Hadi mwisho, Kongo nzima iliandika takriban wagonjwa 100,000 na vifo visivyofika 1,500. Namba hizo ni za waliopimwa, na kijana wa miaka 15 aliyekohoa siku mbili akapona hakuwa na sababu ya kupimwa.

Watafiti walipopima damu kutafuta kingamwili, picha ilibadilika. Kinshasa, Oktoba na Novemba 2020, 16.6% ya watu walikuwa wameshaambukizwa, yaani karibu mmoja kati ya sita katika jiji la zaidi ya watu milioni 10, wakati wagonjwa rasmi wa nchi nzima walikuwa takriban 12,000. Bukavu, kwa jirani zetu, wahudumu wa hospitali ya Panzi waliopimwa katikati ya 2020 walikuwa na kingamwili kwa 41.2%. Kenya, miongoni mwa watoa damu wenye miaka 16 na kuendelea, kiwango kilitoka 4.3% katikati ya 2020 hadi 48.5% mwanzoni mwa 2021. Tafiti za Afrika zilipojumlishwa zilionyesha 65.1% kufikia Septemba 2021. Na Marekani, ambako vijana walihesabiwa peke yao, 74.2% ya wenye miaka 12 hadi 17 walikuwa wameambukizwa kufikia Februari 2022.

Kwa hiyo sioni sababu ya kudhani vijana wa Kasongo walinusurika. Nyumba zetu zina watu wengi, madarasa yana wanafunzi wa kubanana, na Kabambare ni nchi ya dhahabu, ambako Salamabila na Namoya huvuta vijana kutoka pande zote. Tena damu yao ingetoa ushahidi ulio wazi: chanjo ya AstraZeneca iliyoanza kutolewa nchini tarehe 19 Aprili 2021 ilikuwa ya wenye miaka 18 na zaidi, hivyo kingamwili katika mwili wa mtoto wa miaka 14 zingekuwa zimetokana na ugonjwa wenyewe.

Lakini tatizo halikuanza na korona. Fomu za kila mwezi za vituo vya afya, kwa magonjwa mengi, huwagawa watu katika makundi mawili: walio chini ya miaka 5, na wenye miaka 5 na zaidi. Binti wa miaka 13 anaandikwa safu moja na babu yake wa miaka 70. Katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu hawajafika miaka 18, huko ni kuwafuta vijana kwenye karatasi kabla ugonjwa wowote haujaja. Mpox iliyozuka Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023 imetukumbusha kwamba ugonjwa ujao hauko mbali.

Ofisi ya afya ya mkoa kule Kindu na wabunge wa Maniema wanaweza kuanza na jambo dogo: safu ya miaka 10 hadi 19 katika rejista za Kasongo, Kunda, Samba, Lusangi, Kabambare na Salamabila, na faili la familia lirudi katika kila kituo. Fedha za uchunguzi wa surua na polio zinapoletwa, damu ya vijana ichukuliwe pia. Timu ya 1981 iliifanya kazi ya kuwaandika na kuwafuata watoto kwa kalamu na daftari, katika mji huuhuu.