Beit al-Ajaib

Beit al-Ajaib ni jumba refu linaloikabili bahari pale Forodhani, Mji Mkongwe, Unguja. Sultani Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya hafla na mapokezi.

Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, lakini baraza zake pana zimebebwa na nguzo nyembamba za chuma: ujasiri mkubwa katika mji wa boriti za mikoko. Milango ya kuchongwa ina maandishi ya Kurani. Taa za umeme na lifti zikaja baadaye, ajabu juu ya ajabu.

Mnara wa saa uliunganishwa na jumba baada ya Waingereza kulipiga eneo la kasri la sultani kwa mizinga Agosti 1896. Kuanzia 1911 jumba likawa ofisi za serikali.

Tarehe 25 Desemba 2020, jumba likiwa katika ukarabati, mnara na sehemu ya mbele viliporomoka.