Muda wa kusoma mtihani: namna wanafunzi wa sheria wenye ulemavu walivyopata haki yao Marekani

Marilyn Bartlett alikuwa tayari na shahada ya udaktari katika mambo ya elimu alipomaliza masomo ya sheria katika jimbo la Vermont, Marekani, mwaka 1991. Pamoja na hayo, alianguka mara tano mtihani wa kuingia baro ya New York, yaani mtihani unaomruhusu mtu kuwa avoka. Sheria aliijua. Tatizo lilikuwa kusoma: ana disleksia, na ukurasa ambao wengine wanaumaliza kwa dakika chache ulimchukua muda mrefu zaidi. Aliomba aongezewe saa, bodi ya mtihani ikakataa na kusema kwamba hana ulemavu.

Swali lililobaki ndilo lililoendesha historia hii yote: mtihani wa sheria unapima nini? Unapima kama mtu anajua sheria, ao unapima kasi ya macho yake?

Zamani hakuna aliyeuliza. Jacobus tenBroek, aliyepofuka kabisa akiwa kijana, alipata shahada yake ya sheria katika chuo kikuu cha California huko Berkeley mwaka 1938. Vitabu vya sheria alivijua kwa masikio, kwa sababu kulikuwa na watu wa kumsomea kwa sauti. Mwaka 1940 alianzisha shirikisho la vipofu la Marekani, na baadaye akawa profesa. Lakini asiyekuwa na ndugu ao rafiki wa kumsomea, masomo yake yaliishia hapo. Ilikuwa ni huruma ya watu, na huruma haidaiwi mahakamani.

Mwaka 1973 serikali ya Marekani ilipitisha sheria yenye kifungu namba 504. Kinasema kwamba shughuli yoyote inayopata pesa za serikali kuu haiwezi kumtenga mtu kwa sababu ya ulemavu wake. Vyuo vikuu vingi vinapata pesa hizo, hivyo kiliwagusa hata wanafunzi wa sheria. Ila kwa miaka karibu mine kifungu kilibaki karatasi tu, kwa kuwa kanuni za kukitekeleza hazikutiwa sahihi.

Tarehe 5 Aprili 1977 watu zaidi ya mia moja, wengi wao wenye ulemavu, waliingia katika jengo la serikali mjini San Francisco na wakakataa kutoka. Miongoni mwa viongozi wao walikuwa Judy Heumann na Kitty Cone. Kulikuwa na wenye viti vya magurudumu, viziwi, vipofu, na watu wasioweza kujigeuza usiku bila msaidizi. Walilala sakafuni. Familia za wahami ambazo zimelala katika makanisa na mashule hazihitaji kuelezwa maana yake. Simu zilipokatwa, viziwi walipitisha habari dirishani kwa lugha ya ishara hadi kwa wenzao waliokuwa nje. Chama cha weusi cha Black Panther kiliwaletea chakula cha moto. Tarehe 28 Aprili waziri Joseph Califano alitia sahihi, na kanuni hizo zilivitaka vyuo vikuu kurekebisha namna ya kufundisha na kutahini, na kutoa misaada kama wasomaji, wakalimani na vitabu vilivyorekodiwa.

Sheria nyingine, pana zaidi, ilitiwa sahihi na Rais George H. W. Bush tarehe 26 Julai 1990. Hiyo iliwafikia pia wale wanaotunga mitihani ya kuingia kazini. Ndiyo Bartlett aliyoitumia alipoishitaki bodi ya New York mwaka 1993.

Bodi ilikuwa na kipimo chake cha kusoma, na aliyepita kiwango fulani alihesabiwa kuwa mzima. Bartlett alipita. Lakini kipimo hicho hakikuhesabu muda! Mtu angeweza kulikazia neno moja macho mpaka alipate, na bado ahesabiwe kuwa anasoma kama wengine. Mwaka 1997 jaji Sonia Sotomayor, ambaye mwenyewe anaishi na ugonjwa wa sukari tangu utoto, alimpa Bartlett haki. Aliamuru aongezewe muda mara mbili, aandike kwa kompyuta, apewe karatasi ya maandishi makubwa, na azungushie jibu duara ndani ya kijitabu chenyewe cha maswali.

Hata hapo haikuisha. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi nyingine kwamba anayeweza kujisaidia kwa dawa ao miwani asihesabiwe kuwa mlemavu, na kesi ya Bartlett ikarudishwa nyuma. Sotomayor akaisikiliza tena. Mwaka 2001, miaka kumi baada ya Bartlett kupata shahada yake, akatoa uamuzi uleule. Bunge lilirekebisha sheria mwaka 2008 ili tafsiri hiyo ya kubana isiendelee.

Mwaka uliofuata tatizo likachukua sura nyingine. Stephanie Enyart, ambaye macho yake yalianza kuharibika akiwa msichana, alimaliza sheria katika chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles. Aliomba kufanya mtihani wa baro ya California kwa kompyuta yenye programu mbili, moja ya kukuza maandishi na nyingine ya kuyasoma kwa sauti. Hivyo ndivyo alivyosoma miaka yote. Watunga mtihani hawakusema hapana moja kwa moja. Walimtolea vingine: msomaji, breli, sauti iliyorekodiwa, mashine ya kukuza herufi. Lakini breli, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, hakuizoea, na ile mashine ilimchosha macho hadi kichefuchefu. Januari 2011 mahakama ya rufaa ilimuunga mkono: haitoshi kumpa mtu kifaa chochote, lazima mtihani upime ujuzi wake na si upofu wake.

Kulikuwa na doa lingine mlangoni kabisa. Shirika linaloendesha mtihani wa kuingia masomo ya sheria lilikuwa likiweka alama pembeni ya pointi za yule aliyeongezewa muda, ili chuo kijue kwamba alisaidiwa. Hiyo ilikuwa siri ya mtu kutangazwa bila ruhusa yake. Mwaka 2014 shirika hilo lilikubali kuacha, na kulipa dola milioni 7.73, nyingi kati ya hizo zikienda kwa waliokuwa wameomba msaada.

Mwaka 2013 Haben Girma alimaliza sheria Harvard, kiziwi-kipofu wa kwanza kufika hapo. Mama yake alikimbia vita ya Eritrea kwa miguu mpaka Sudan. Kaka yake, ambaye pia ni kiziwi-kipofu, huko nyumbani shule zilimfungia mlango. Haben alizaliwa California, ambako sheria zile zilikuwa zikifanya kazi tayari. Mtu aliandika kwenye kompyuta yale yaliyosemwa, naye akayasoma kwa vidole katika kifaa cha breli. Akiwa avoka alishiriki katika kesi ya vipofu dhidi ya maktaba ya intaneti ya Scribd. Mwaka 2015 mahakama ya Vermont ilikubali kwamba sheria ya 1990 inafika hata kwenye intaneti.

Congo nayo ina maandishi yake. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya ulinzi maalum. Nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2015, ambao kifungu chake cha 24 kinataja masomo ya juu pamoja na marekebisho kwa ajili ya kila mwanafunzi. Kisha ikaja sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Mwanafunzi wa sheria wa Bukavu, Goma ao Uvira anayemwandikia dekano barua ya kuomba muda zaidi, auditorio ya chini isiyo na ngazi ao silabasi inayosomeka na kompyuta, namba hizo tatu anaweza kuziweka katika barua yake.