Kozi ya kuokoa moyo: Maandalizi ya mhudumu kabla ya kuingia darasani

MJI wa Makindu, Kaunti ya Makueni, uko kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, na wasafiri wengi huufahamu kwa hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926. Kwa wahudumu wa hospitali ya mji huo, barabara hiyo ina maana nyingine. Abiria aliyezirai ndani ya basi au dereva aliyeshikwa na maumivu ya kifua huenda akafikishwa kwao kwanza, ilhali Nairobi iko umbali wa kilomita 160 hivi.

Moyo unaposimama ghafla kwa kuvurugika mdundo, uwezekano wa kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa wala moyo kushtuliwa kwa umeme. Kwa hesabu hiyo, mwokozi ni muuguzi au afisa wa kliniki aliye zamu, si daktari bingwa aliye mbali.

Kozi ya huduma ya juu ya kuokoa moyo, ijulikanayo kama ACLS, iliasisiwa na Chama cha Moyo cha Marekani katika miaka ya 1970. Nchini Kenya, miongoni mwa taasisi zinazoitoa ni Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi. Cheti chake hudumu miaka 2.

Kozi hii kwa kawaida huchukua siku 2 tu, na haimfundishi mtu kuanzia mwanzo. Mwanafunzi hutarajiwa kufika akiwa na mambo manne.

Mikono

Kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, na kuachwa kirudi juu kikamilifu. Mgonjwa hupewa pumzi 2 baada ya kila mikandamizo 30. Mkandamizaji hubadilishwa kila baada ya dakika 2, kwani uchovu hupunguza kina kabla mwenyewe hajatambua.

Mchoro wa moyo

Ni lazima mhudumu atofautishe hali nne za moyo uliosimama. Mbili hutibiwa kwa mshtuo wa umeme: moyo unaotetemeka ovyo, na ule unaokwenda mbio bila mshipa kupiga. Mbili hazitibiwi kwa mshtuo: mstari ulionyooka, na mchoro unaoonekana wa kawaida ilhali mshipa haupigi. Anayezikanganya hizi hupoteza muda wa mgonjwa.

Dawa

Adrenalini hutolewa miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5. Iwapo mshtuo haujafaulu, amiodaroni huanza kwa miligramu 300, kisha 150. Vipimo hivi vikaririwe hadi vitamkike bila kufikiri.

Chanzo

Dawa na umeme havitoshi iwapo chanzo hakijaondolewa. Vyanzo vya kukumbukwa ni pamoja na ukosefu wa oksijeni, damu au maji kupungua mwilini, potasiamu kuzidi au kupungua, sumu, hewa iliyonaswa kifuani, na damu iliyoganda mapafuni au moyoni. Kwa majeruhi wa ajali, jambo hili lina uzito wa pekee: aliyevuja damu hahitaji adrenalini kabla ya kuzuiwa damu na kuongezewa nyingine.

Mtihani

Kabla ya kozi kuna jaribio la kujipima, ambalo hupitwa kwa asilimia 70. Mtihani wa maandishi una maswali 50, na alama ya kupita ni asilimia 84. Kisha kila mmoja huongoza kikosi kumhudumia mgonjwa wa bandia. Kiongozi hutoa amri kwa jina la mtu, naye aliyeamriwa huirudia kwa sauti na kutangaza anapomaliza.

Inafaa kuanza kusoma wiki kadhaa mapema, kwa kitabu cha toleo linalotumika kwenye kozi, na kufanya mazoezi na wenzake wa zamu. Mazoezi hayo huinufaisha wodi nzima, hata kwa wasiokwenda kozini.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kwa aliyesimama moyo usiku wa manane, haki hiyo humfikia kupitia mikono ya aliye zamu.