Udokozi wa Nukuu

Ukiambiwa "Kwale ni kulia" kwenye panda ya Kombani, hujaelekezwa bado. Atokaye Likoni akikata kulia atapanda kwenda Kwale mjini; atokaye Ukunda akifuata maneno hayo hayo ataupa mji kisogo. Maneno hayakubadilika, kilichokosekana ni kule msikilizaji alikotokea. Hicho ndicho wanaisimu wanachokiita muktadha.

Wachambuzi wa siasa wana hila ya kutumia maneno ya kweli bila muktadha wake. Wengi husema wamepotosha, lakini neno hilo ni pana mno: hata aliyezua kauli amepotosha. Mimi napendekeza udokozi wa nukuu. Kunyofoa si kosa. Mama humnyofolea mtoto minofu ya samaki, na kila anayenukuu hunyofoa. Mdokozi, kinyume chake, hufunua chungu kwa siri, akatwaa kipande alichokitamani, kisha akafunika chungu kana kwamba hakijaguswa.

Habari za jeshi na vita hudokoleka upesi. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, Waziri wa Ulinzi Aden Duale alitoa ilani katika Gazeti Rasmi kwamba KDF, yaani jeshi la Kenya, itawasaidia polisi. Kesho yake Bunge la Taifa likaidhinisha. Sasa tazama Kifungu cha 241(3) cha Katiba. Kinalitaka jeshi lisaidie mamlaka nyingine wakati wa dharura, na lipeleke taarifa katika Bunge la Taifa. Pia kinaruhusu litumwe kutuliza ghasia nchini, lakini kwa idhini ya Bunge hilo tu. Dokoa ruhusa, uache sharti, na Katiba itaonekana imewaachia askari barabara.

Siku hiyo hiyo ya 25 Juni, polisi wa kwanza wa Kenya walitua Port-au-Prince, Haiti. Hapa Kiswahili chenyewe kina mtego. Wengi bado husema "jeshi la polisi", na Tanzania hilo ndilo jina rasmi. Dokoa "la polisi", libaki "jeshi", na Kenya imeshaingia vitani.

Kwa hiyo ukiletewa nukuu ya vita, kuthibitisha kwamba ilitamkwa hakutoshi. Iulize kama bodaboda wa Kombani amuulizavyo mgeni kabla ya kumwelekeza: watokea wapi?