Ni Nani Ana Ruhusa ya Kuwa na Wikendi Ulaya?

Kuna picha mnaijua. Msee wa Langas ametoka huku juzi tu kwenda kusoma Ulaya. Baba aliuza ng'ombe wawili, chama cha kina mama kikatoa kitu, kanisani watu wakachanga nauli. Miezi minne baadaye yuko Paris, Jumamosi, na marafiki watatu, koti jipya, ule mnara nyuma yake. Picha inafika Eldoret kabla yeye hajapanda treni ya kurudi. Mjomba anauliza: "Kwani tulichanga akasome ama akazurure?"

Mimi niko upande wa huyo msee. Na si kwa sababu napenda raha (napenda, lakini hiyo ni stori nyingine). Ni kwa sababu watu wetu wamekuwa wakizunguka miji ya Ulaya kwa zaidi ya miaka 120, na ukifuata hizo safari moja moja unaona kwamba mara nyingi kile walichorudi nacho hakikutoka darasani. Kilitoka kwa treni. Unaona pia kitu kingine, cha kukasirisha zaidi: kila kizazi kimekuwa na kitu cha kukinyima hiyo safari. Kuna wakati ni makaratasi, kuna wakati ni pesa, na sai kwa wengi ni shifti ya Jumapili.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1896 kulikuwa na jamaa anaitwa Selim bin Abakari, Mkomoro. Alisafiri na bosi wake Mjerumani, Dr. Bumiller, mpaka Urusi na Siberia. Hakuwa mwanafunzi, alikuwa mtumishi. Lakini safari yote aliisimulia kwa Kiswahili, na Carl Velten akaitoa 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli. Fikiria hiyo. Kabla Eldoret haijawa hata posta pale Shamba 64, kulikuwa na mtu tayari anaeleza kwa Kiswahili vile Urusi inakaa.

Halafu kuna Mtoro bin Mwinyi Bakari, wa upande wa Bagamoyo. Alienda Berlin 1900 kufundisha Kiswahili chuoni. Baadaye akawa anazunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki. 1904 akamuoa Bertha Hilske, Mjerumani. Walipopanda meli kuja nyumbani pamoja, serikali ya kikoloni ikakataa washuke Dar es Salaam kama mume na mke. Wakageuzwa, wakarudi Ujerumani. Mtoro alifia Berlin 1927. Yaani Ulaya aliweza kwenda mji hadi mji, lakini mlango wa kwao ndio ulifungwa. Watu wanadhani viza ndiyo shida mpya. Shida ya nani anapita wapi ni ya zamani sana.

Sasa twende kwa yule mnayemjua kwa noti. Februari 1929 Kikuyu Central Association ilimtuma Jomo Kenyatta London kwenda kupeleka malalamiko ya ardhi. Alitumwa kwa pesa za wanachama, watu wa kawaida, michango ileile ya harambee tunayoijua. Na alifanya nini? Hiyo hiyo 1929, joto la Ulaya lilipoingia, akaondoka London, akapitia Berlin, akafika Moscow, akarudi London Oktoba. Mfuko ukiwa mtupu, kwa sababu miaka yake mingi kule aliishi kwa madeni. Kama mjomba wetu angekuwa mwanachama wa KCA angepiga kelele mpaka Thika.

Lakini hesabu inakuja hivi. London hawakumrudishia ardhi. Barua alizopeleka zilijibiwa kwa upole na kuwekwa kwa faili. Kilichobaki ni watu. Huko kuzunguka ndiko alikokutana na kina George Padmore wa Trinidad, na 1932 akarudi Moscow kusoma, akakaa mpaka 1933. Akaingia London School of Economics kwa Malinowski, akatoa Facing Mount Kenya 1938. Na Oktoba 1945 ukaja Mkutano wa Tano wa Pan-African, Manchester, Kenyatta na Padmore na Kwame Nkrumah katika ukumbi mmoja, pamoja na wanafunzi na wafanyakazi waliofika kutoka miji mingine ya Uingereza. Manchester si mbali na London, ni safari ya treni tu. Watu wachache walijilipia, wakalala kwa vitanda vya kuazima, na baada ya miaka kumi na kitu baadhi yao walikuwa wanaendesha nchi. Hakuna mtihani wa chuo uliotoa kitu kama hicho.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote inakuja baada ya hapo, na cha ajabu haifundishwi sana.

Shuleni tulisoma kuhusu ndege za Tom Mboya. Ya kwanza ilitoka Septemba 1959 na wanafunzi 81, kuelekea Marekani, na 1960 pesa za familia ya Kennedy zikaingia. Sawa. Lakini kulikuwa na njia nyingine, ya Oginga Odinga, kuelekea nchi za Kisoshalisti. Serikali ya kikoloni haikutaka kuwapa hao vijana pasipoti. Kwa hivyo walipita Uganda, wakaingia Sudan, wakafika Cairo, na kutoka hapo wakasambazwa: Moscow, Prague, Sofia, Ujerumani Mashariki. Vijana wa miaka yetu, wengine hawakuwa wamewahi kufika Nairobi.

Halafu tarehe 13 Agosti 1961 Ujerumani Mashariki ikaanza kujenga Ukuta wa Berlin. Mjerumani wa Mashariki akafungiwa. Alikuwa na kazi, nyumba, pengine hata gari, lakini kuvuka mtaa kwenda upande wa pili kulimfanya apigwe risasi. Sasa angalia yule mwanafunzi Mwafrika anayesoma huko huko. Mgeni mwenye pasipoti ya nchi yake na kibali cha chuo mara nyingi aliweza kupanda treni, kushuka stesheni ya Friedrichstraße, kuonyesha makaratasi, na kuingia Berlin Magharibi. Jumapili jioni anarudi. Waliosoma Moscow nao walikuja hadi Berlin Magharibi wakati wa likizo, wengine mpaka London kutafuta vibarua. Walirudi na jinsi, sahani za muziki, soksi za wanawake. Walivaa baadhi, baadhi wakauza hosteli. Ndiyo, biashara. Unafikiri mitumba ilianzia Gikomba?

Hebu kaa na hiyo picha kidogo. Mtoto aliyetoroka nchi yake bila pasipoti kupitia Sudan, miaka michache baadaye nchi yake imepata uhuru, Desemba 1963, na kale kakitabu kapya kanamvusha mpaka ambao mwalimu wake Mzungu hawezi kuvuka. Kwa muda mfupi katika historia, kwenye kona moja ya Ulaya, Mwafrika ndiye alikuwa na wikendi na Mzungu hakuwa nayo.

Haikuwa tamu kila siku, msije mkasema nimepaka rangi. Februari 1963 wanafunzi Waafrika waliandamana Sofia, Bulgaria, baada ya serikali kukataa chama chao, na wengi wakaondoka nchi hiyo. Desemba mwaka huo huo wenzao waliandamana Red Square, Moscow, baada ya mwanafunzi wa Ghana kupatikana amekufa. 1965 wanafunzi Wakenya waliokuwa Baku waliacha masomo wakarudi nyumbani. Kupigwa mitaani kwa sababu umeonekana na msichana wa kizungu ilikuwa kitu cha kawaida. Ndiyo maana wengi wao walithamini ile treni ya kwenda mji mwingine. Ilikuwa njia ya kupumua.

Na huku kwetu North Rift? Sisi tulikuwa na njia yetu, na ilikuwa na kasi. Henry Rono, kijana wa Nandi, alikuwa mwanafunzi wa Washington State University, Marekani. 1978, kati ya Aprili na Juni, alivunja rekodi nne za dunia. Mbili za kwanza alivunja Marekani: mita 5,000 pale Berkeley, na kuruka viunzi na maji pale Seattle. Kisha shule ikafungwa, akaenda Ulaya. Tarehe 11 Juni, Vienna, mita 10,000. Tarehe 27 Juni, Oslo, mita 3,000. Hiyo ndiyo likizo yake ya mwanafunzi. Wenzake walienda Vienna kuona majumba ya wafalme, yeye alienda kwa dakika 27 na sekunde 22. 1981 akarudi kuvunja tena ile ya 5,000, na safari hii alivunja mahali panaitwa Knarvik, Norway, kamji kadogo karibu na Bergen ambako hata Wanorwe wengine hawajawahi kufika.

Sheria za riadha wakati huo zilisema mkimbiaji asilipwe. Michezo ya Olimpiki ya 1976 na 1980 Rono hakukimbia, Kenya ilisusia zote mbili. Kwa hivyo hizo wikendi za Vienna na Oslo ndizo zilizofanya dunia imjue. Hapa tuna uwanja wa Kipchoge Keino, na Keino mwenyewe rekodi yake ya kwanza ya dunia aliivunja Helsingborg, Sweden, Agosti 1965. Kila mtu Eldoret anajua majina ya miji midogo ya Ulaya kwa sababu ya mbio. Hakuna mzee huku aliwahi kumwambia mkimbiaji kwamba anazurura. Tofauti ni kwamba mkimbiaji anarudi na kitu mnachoweza kuhesabu.

Sasa tufike leo. Mwaka 1985, tarehe 14 Juni, nchi tano zilisaini mkataba kwenye kijiji cha Schengen, Luxembourg, na 26 Machi 1995 mipaka kati ya nchi za kwanza ikafunguliwa kweli. Kwa mwanafunzi Mkenya inafanya kazi hivi. Ukiwa na kibali cha kuishi cha Finland, unaweza kwenda nchi nyingine za Schengen bila viza, mpaka siku 90 katika kila siku 180. Paris, Berlin, Roma, Tallinn, nenda. Lakini ukiwa unasoma Uingereza, ambayo haiko Schengen, treni ya London kwenda Paris inachukua kama saa mbili na nusu, na bado unahitaji viza ya Schengen kama mtu anayetoka Kapsabet. Ada ya hiyo viza ni euro 90 tangu Juni 2024, na wakikukataa hazirudi. Marafiki zako wa darasa wenye pasipoti ya Ulaya wanaamua Ijumaa saa kumi, saa mbili usiku wako njiani. Wewe ungepaswa kuamua miezi miwili iliyopita, na taarifa ya benki mkononi.

Kwa hivyo wale wa Finland wana bahati ya makaratasi. Meli ya Helsinki kwenda Tallinn, Estonia, ni kama saa mbili, muda mfupi kuliko matatu ya kutoka hapa hadi Kisumu jam ikiwa mbaya. Ndiyo safari ya kwanza ya wanafunzi wengi kule.

Lakini Finland kwetu Eldoret si neno la kawaida tena. Mnakumbuka. Kaunti ya Uasin Gishu ilianza mpango wa kupeleka vijana vyuo vya Finland na Canada, wazazi wakauza mashamba na mifugo, wakaweka pesa. Kuna waliofika kule na karo haikufika. Kuna waliobaki hapa na pesa haijarudi. Agosti 2023 wazazi na vijana waliandamana katikati ya mji, na mambo yakaingia kortini. Tangu hapo, picha ya mtoto wa Eldoret akiwa Ulaya kwa raha inamchoma mtu. Mimi naelewa hiyo hasira. Ila inamfikia mtu asiye na kosa. Aliyekula karo hayuko kwenye ile picha ya mnara.

Na kama unataka kujua hiyo picha iligharimu nini, usihesabu tikiti. Finland inamruhusu mwanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya kufanya kazi wastani wa saa 30 kwa wiki. Wengi wanafanya usafi, wanabeba chakula kwa baiskeli kwenye theluji, wanahudumia wazee. Na sheria ya kule inasema kazi ya Jumapili inalipwa mara mbili. Hapo ndipo mtego uko. Siku ambayo wenzake wa darasa wanatembea Tallinn ndiyo siku yake yenye pesa nzuri zaidi ya wiki. Akienda, amelipa tikiti, halafu amelipa tena mshahara maradufu ambao hakuupata. Akibaki, karo inapungua kidogo, nyumbani wanapata kitu, na Jumatatu wenzake wanaongea kuhusu safari ambayo hakuwepo.

Wengi wanabaki. Hao hamuoni picha zao, kwa sababu hakuna anayejipiga picha na mopu saa kumi na moja alfajiri. Yule aliyeenda Paris, uwezekano mkubwa ni kwamba alibadilishana shifti na Mnepali wiki tatu kabla, akabeba mkate na mayai ya kuchemsha kwa begi, akalala sakafuni kwa rafiki wa rafiki. Miji mitatu kwa siku mbili, kisha Jumatatu saa mbili yuko darasani na macho mekundu. Na mjomba bado anataka kujua koti lilinunuliwa na pesa gani.