Saa ya babu: ni dhahabu kweli? Na ni ya mwaka gani?

Wiki hii ni ya testi, bumu limekata, na mimi badala ya kusoma nimekaa kuwaandikia habari ya saa. Msicheke kwanza. Ni saa ya mkono ya rangi ya dhahabu, ya kutia ufunguo, aliyoiacha marehemu babu yetu kule Kasulu. Kwa miaka mingi imekaa kwenye kisanduku cha bati chumbani kwa bibi. Mwaka huu ametokea mtu anataka kuinunua, na ukoo umegawanyika pande mbili.

Baba mdogo anasema iuzwe. Kama ni dhahabu tupu, nyumba ya bibi inaezekwa upya na chenji inabaki. Baba mkubwa, anayekaa Kibondo, anasema haiuzwi kabisa, kwa sababu ni zawadi: babu alipewa na meneja mzungu wa shamba la mkonge mwaka 1953, kwa kuwa mchapakazi. Basi kwa vile mimi ndiye "msomi wa historia" wa ukoo, nikaambiwa nitoe hukumu.

Kumbe maswali ni mawili, si moja. La kwanza ni la sonara: ni dhahabu au si dhahabu? La pili ndilo letu sisi watu wa historia: hii habari ya zawadi ya 1953 inasimama?

Tuanze na mkonge, maana bila mkonge saa haieleweki. Darasani tunasoma kwamba wakoloni waliigawa Tanganyika: sehemu nyingine za mashamba, nyingine za kutoa vibarua. Buha yetu, yaani Kasulu, Kibondo na jirani zake, iliwekwa kwenye fungu la vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na wengi hawakuwa na zao la kuwaletea fedha hiyo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Sisi tunajisifu kuwa tunatoka "mwisho wa reli", lakini kwa wazee wetu pale palikuwa mwanzo wa safari ya kwenda kukata mkonge.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaanzisha ofisi yao ya kutafuta wafanyakazi, ikajulikana kwa jina la SILABU. Ilichukua watu kutoka mikoa ya mbali, na Kigoma ilikuwa mojawapo. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukufanya kazi haikuingia kwenye kadi, hivyo kipande kimoja kiliweza kuchukua zaidi ya mwezi kukijaza. Ukikijaza, ndipo unalipwa.

Sasa pimeni wenyewe. Mtu aliyeandikishwa kwa namba, wa mkataba wa muda mfupi, tena mkata mkonge, apewe saa ya dhahabu na meneja? Siwezi kusema haiwezekani. Lakini mwalimu wetu mmoja hapa Mlimani hupenda kutukumbusha kuwa habari ikiwa tamu sana, ndiyo ya kuikagua zaidi.

Haya, tuje kwenye saa yenyewe. Binamu yangu aliipeleka kwa fundi saa pale Kasulu mjini. Bibi alikwenda naye akakaa pembeni bila kubandua macho, kwa sababu mafundi wapo wa kila aina, na mashine nzuri inaweza kutoka ikaingia nyingine. Fundi akafungua mfuniko wa nyuma, binamu akapiga picha kwa simu akanitumia. Nilichokiona ni hiki.

Usoni imeandikwa Roamer. Hiyo ni kampuni ya Solothurn, Uswisi, iliyoanza mwaka 1888. Roamer walikuwa wakitengeneza mashine zao wenyewe, nazo zina alama ya MST. Mashine ya saa ya babu inayo alama hiyo, na ndani ya mfuniko pia kuna jina la Roamer. Uso, mashine na mfuniko vinakubaliana. Kwa hiyo saa si feki, wala haikuungwaungwa kwa vipande vya saa tatu tofauti. Hapo baba mdogo akaanza kufurahi.

Furaha haikufika mbali. Saa ya dhahabu tupu ya Uswisi huwa na mihuri ya serikali iliyogongwa kwenye bodi. Kwa saa za miaka ile, karati 18 ni kichwa cha mwanamke aitwaye Helvetia pamoja na namba 0.750, na karati 14 ni mnyama kindi pamoja na 0.585. Mwaka 1995 mihuri hiyo ilibadilishwa, ukawekwa mmoja wa kichwa cha mbwa. Kwenye saa ya babu hakuna Helvetia, hakuna kindi. Kuna maneno mawili tu, madogo sana: "20 MICRONS" na "STAINLESS STEEL BACK".

La pili ni rahisi: mfuniko wa nyuma ni chuma kisichoshika kutu. La kwanza maana yake bodi imefunikwa kwa dhahabu yenye unene wa maikroni 20. Maikroni 1,000 ndiyo milimita moja, na unywele wa mtu kwa kawaida ni mnene kuliko hizo 20. Pale mkanda unaposhikia, dhahabu imeshalika, na chini yake panaonekana madini mengine. Jibu la sonara basi limepatikana: imefunikwa dhahabu, si dhahabu tupu.

Kuna watu mtaani watakuambia jaribu kwa sumaku. Sawa, dhahabu haivutwi na sumaku, lakini shaba nyeupe nayo haivutwi, kwa hiyo sumaku peke yake haithibitishi kitu. Wengine watakuambia weka tindikali. Tindikali inapima dhahabu kweli, ila kwa bodi iliyofunikwa unaweza kuiharibu kwa swali ambalo maandishi yake yameshalijibu. Soma kwanza.

Tukaja kwenye mwaka. Chini kabisa usoni, karibu na namba 6, pameandikwa "T SWISS MADE T". Hizo T mbili ni za tritiamu, dawa ya kufanya mishale ing'ae gizani. Zamani ilitumika radiamu, ambayo ni hatari zaidi. Tritiamu iliingia kwenye saa kuanzia miaka ya 1960, na alama ya T ikaja nayo. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi, ndiyo maana saa ya babu haing'ai tena. Kwa hiyo uso ule si wa 1953.

Mtu makini atauliza: je, kama uso ulibadilishwa baadaye? Swali zuri, ndiyo maana shahidi mmoja hatoshi. Ndani ya mfuniko kuna mikwaruzo midogo kama maandishi. Mafundi saa wana desturi ya kukwaruza tarehe kila wanapofanya sevisi. Hapo pana mbili: 3.66 na 8.71. Kama saa ingekuwa ya 1953, ingekaa miaka kumi na tatu bila fundi hata mmoja kuweka alama yake. Inawezekana, ila inazidi kuwa ngumu kuamini.

Nikampigia shangazi, mkubwa wao wote. Shikamoo, marahaba, habari za masomo, halafu nikauliza. Shangazi akasema babu alikwenda mkonge mara mbili, si mara moja. Mara ya kwanza yeye alikuwa mtoto mdogo, na babu alirudi na blanketi na sufuria. Mara ya pili ilikuwa baada ya Uhuru. Anaikumbuka kwa sababu babu alisimulia kwamba safari hiyo alifika Korogwe kwa treni tu, hakupanda lori kama zamani.

Wadau, hapo nilisimama! Reli ya Kati na reli ya Tanga ziliunganishwa mwaka 1963. Kabla ya hapo ilibidi umalizie kwa barabara. Shangazi hajasoma kitabu chochote cha reli, anasimulia alichosikia kwa baba yake. Na katikati ya miaka ya 1960 kazi ya SILABU ilikwisha. Weka pamoja: T za usoni, 3.66 ya fundi, na treni ya shangazi. Vyote vinaangukia kati ya 1963 na 1966.

"Sasa shangazi, alipewa na nani?" Akacheka. "Apewe? Babu yako alikuwa akisema saa hii imekula vipande vitatu."

Yaani siku tisini za kukata mkonge, jasho lake mwenyewe. Hakuna meneja hapo.

Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamisha kwenda kijiji cha ujamaa, na kisanduku kikahamia nao. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, bibi aliifukia saa kwenye mahindi ghalani, kwa hofu ya kuulizwa risiti. Risiti ya dukani ilishapotea siku nyingi, na saa yenyewe ndiyo risiti iliyobaki.

Nilimweleza baba mkubwa yote. Akakaa kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kwa hiyo alinunua mwenyewe?" Nikasema ndiyo baba. "Basi mwanangu, ndiyo kabisa haiuzwi." Mnunuzi naye, aliposikia habari ya maikroni, bei yake ilishuka mpaka baba mdogo akaona aibu kuitaja. Lakini paa la bibi bado linavuja, hilo historia haijaliziba. Tumekubaliana kuchanga kila mwezi, na mimi bumu likitoka nitatoa bati langu moja.

Kama kwenu kuna saa ya namna hii, msiing'arishe, maana mnafuta maandishi. Msiifungue kwa kisu. Pigeni picha uso, mfuniko nje na ndani, na mashine. Halafu muulizeni mzee aliyepo, kabla hamjamuuliza mnunuzi. Mimi nikienda TP, ile mada ya vyanzo vya historia ya Form One nitaifundisha kwa picha hizi.

Nani mwingine ana babu au bibi aliyekwenda manamba? Tuleteeni habari zao. Tukutane baada ya testi, Mungu akipenda.