Jina na Ugonjwa: Historia Fupi ya Uvimbe wa Neva ya Msawazo

Utangulizi

Makoko, kando ya Ziwa Viktoria karibu na mji wa Musoma, ni mahali palipojulikana kwa chuo chake cha lugha, kilichoendeshwa na wamishenari wa Maryknoll, ambao walifika Musoma mwaka 1946. Wageni wengi walijifunza Kiswahili hapo kabla ya kwenda kufanya kazi miongoni mwa wananchi. Mgeni ajifunzaye lugha yetu, hasa akiwa muuguzi au tabibu, hukutana mapema na neno mshipa, nalo humtatiza. Ipitishayo damu ni mshipa; ngiri nayo huitwa mshipa; na kipelekacho habari kwenye ubongo vilevile ni mshipa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliziweka maana hizo chini ya neno moja. Wasemaji hawakukosea, kwani kila lugha huvipa majina vitu kwa kadiri ya haja yake. Lakini haja ya tiba ya leo imekuwa nyingine.

Makala haya yanachukua ugonjwa mmoja wa mshipa wa fahamu, yaani neva, na kuonyesha jinsi jina lake lilivyobadilika kadiri utafiti ulivyoendelea. Twaamini kwamba historia hiyo ina funzo kwa mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali.

Ugonjwa wenyewe

Kutoka sikio la ndani kwenda kwenye ubongo hupita neva ya nane ya kichwa. Neva hiyo ina matawi mawili: moja la kusikia, na jingine la msawazo, ambalo hutuwezesha kusimama na kutembea bila kuyumba. Uvimbe ukiota hapo, mgonjwa hupungukiwa na usikivu wa sikio moja, husikia mvumo usiokoma katika sikio hilo, na pengine hupata kizunguzungu. Kwa kawaida uvimbe huo hukua polepole, nao si saratani: hausambai katika viungo vingine. Hatari yake ni kwamba ukiwa mkubwa hulibana shina la ubongo.

Historia ya utafiti na tiba

Mwaka 1777 Eduard Sandifort, mtaalamu wa Leiden huko Uholanzi, alieleza uvimbe wa namna hii aliouona katika maiti. Zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla ya kupatikana tiba. Mwaka 1894 Charles Ballance alimpasua mgonjwa mjini London na kuuondoa uvimbe. Mgonjwa huyo aliishi kwa miaka mingi, ingawa uso wake ulipooza upande mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 wengi wa waliopasuliwa walikufa. Harvey Cushing wa Marekani, aliyechapisha kitabu juu ya uvimbe huu mwaka 1917, alipunguza sana vifo hivyo kwa kuutoa uvimbe sehemu tu, kutoka ndani ya ganda lake. Mwenzake, Walter Dandy, alifuata njia ya kuuondoa wote.

Katika miaka ya 1960 William House wa Los Angeles alianza kutumia hadubini na kupitia sikioni, na hivyo neva ya uso, iliyo jirani kabisa, ikahifadhiwa mara nyingi zaidi. Mwaka 1969 huko Stockholm, mbinu ya Lars Leksell ya kuelekeza mionzi mahali pamoja bila kupasua ilitumika kwa ugonjwa huu. Picha za kompyuta, zilizoanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1971, na baadaye zile za sumaku, ziliwezesha uvimbe kuonekana ukiwa bado mdogo. Leo njia ni tatu: kupasua, kutumia mionzi, au kuungoja huku ukipimwa mara kwa mara, kwa kuwa mwingine haukui kabisa.

Jina lililokosewa

Kwa muda mrefu ugonjwa uliitwa nyuroma ya akustika, maana yake uvimbe wa neva ya kusikia. Jina hilo lina makosa mawili. Kwanza, uvimbe hauoti katika nyuzi za neva, bali katika seli za ala inayozifunika, zilizopewa jina la Theodor Schwann. Pili, mara nyingi huanzia katika tawi la msawazo, si la kusikia. Mwaka 1991 mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ulipendekeza jina la shwanoma ya vestibula. Hata hivyo, jina la kale lingali likitumika.

Tufanyeje katika Kiswahili?

Baraza letu liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu hapo limesisitiza kwamba istilahi ieleze dhana yenyewe, si umbo la neno la kigeni. Mfasiri atakayefuata jina la kale neno kwa neno atarithi makosa yake yote mawili. Twapendekeza uvimbe wa ala ya neva ya msawazo. Neno ala halihitaji kuundwa, kwani kila mwenye kisu analijua. Shwanoma na ibaki kwa wataalamu.

Kosa kubwa zaidi ni kuuita uvimbe huu kansa ya ubongo. Saratani, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kaa, halifai hapa. Tumfikirie mkulima au mvuvi wa Makoko aliyepelekwa Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200, au Muhimbili, Dar es Salaam. Akirudi na karatasi iliyoandikwa kansa, huenda akakata tamaa na asirudi kupimwa. Naye aliyeambiwa ni mshipa tu huenda akatafuta mtu wa kumkanda. Wote wawili watakuwa wameponzwa na neno.

Hitimisho

Waganga walihitaji zaidi ya miaka mia mbili kuujua uvimbe huu na kusahihisha jina lake. Sisi tunaupokea ujuzi huo ukiwa tayari. Twawaomba wasomaji, hasa walio karibu na hospitali, watuletee maneno ambayo wagonjwa wenyewe huyatumia kueleza mvumo wa sikio na kuyumba kwa mwili, ili istilahi zetu zianzie vinywani mwa wananchi.